Shajara ya Korosho: kumuuguza chatu mwenye nimonia

Januari, Jumamosi usiku

Naanza kuandika leo maana mambo ya mgonjwa huyu yakishakuwa mengi kichwani ntayachanganya, na daktari yeyote atakayemwona atataka taarifa kamili, joto lilikua ngapi, kapungua gramu ngapi, alipumuaje usiku. Mgonjwa ni Korosho, chatu jike, wa ile aina ndogo ya Afrika Magharibi ambaye akiogopa anajikunja duara na kichwa anakificha katikati. Kwa kawaida hawazidi sana mita moja na nusu, hana sumu, na huyu kazaliwa hapa hapa Uingereza kizimbani, porini hajawahi kupaona. Mi kwetu Tanga, sahivi naishi Birmingham. Nimempokea kutoka kwa jamaa anayehama nyumba ambaye hakuwa na pa kumweka, na alivyofika tu nikajua huyu mgonjwa, na mgonjwa kweli kweli.

Hali yake leo: mdomo uko nusu wazi, kichwa kakiinua juu kakiegemeza kwenye kioo cha tangi, pembeni ya mdomo kuna ute wenye mapovu na kila akivuta pumzi unasikia mluzi mwembamba. Mtu asiyezoea nyoka atadhani anachungulia nje, kumbe anatafuta njia ya hewa. Nimemuweka kwenye mzani wa jikoni, gramu 1,240, na kwa urefu wake ni kidogo, uti wa mgongo umeanza kutokeza na ngozi ya ubavuni imefanya mikunjo, maana yake hana maji mwilini.

Lengo la mradi huu ni moja tu, Korosho apumue mdomo ukiwa umefungwa. Kula, kunenepa, yote hayo baadaye.

Jumapili

Leo kutwa nzima natengeneza wodi. Nimempa chumba kile kidogo peke yake, na kile kijike changu kingine cha zamani kipo sebuleni, mlango unafungwa, vyombo vya huku haviendi kule, namhudumia mzima kwanza ndo niingie kwa mgonjwa, halafu mikono sabuni hadi kwenye viwiko. Udongo na maganda ya miti yote nimetoa, chini nimetandika tishu za jikoni nyeupe tupu. Tishu nyeupe inakuonyesha kila kitu: ute umedondoka wapi, una rangi gani, kinyesi kikoje, kama kuna wale utitiri weusi wa nyoka unawaona wanatembea. Hana, nimemkagua mpaka kwenye kile kijishimo cha chini ya kidevu wanakopenda kujificha.

Sasa joto. Hapa ntakaa kidogo maana naona ndo roho ya kazi yote. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe, analipata nje, na sio suala la kusikia baridi tu, kinga yake ya mwili nayo inafanya kazi kwa joto hilo hilo. Ukimuweka kwenye chumba cha nyuzi 22 mwenye nimonia, damu inazunguka polepole, chembe za kupigana na vijidudu zimelala, na hata dawa ukimchoma haisambai inavyotakiwa. Chatu mzima wa aina hii unampa upande wa joto nyuzi 31 mpaka 33 na upande wa ubaridi 25 hadi 27 ili achague mwenyewe. Mgonjwa ni tofauti, nimepandisha tangi lote, hamna pembe inayoshuka chini ya 29, pale pa joto 32, na usiku hakuna kupunguza. Hita ni ile ya seramiki isiyotoa mwanga, imewekewa kizimba cha waya maana nyoka hajui kukimbia kitu kinachomuunguza, atakilalia mpaka ngozi iive. Na hita yoyote lazima ipite kwenye themostati, kile kifaa kinachoizima joto likifika, hilo halina mjadala. Vipimajoto viwili, kimoja kila upande, unyevu nimeuweka asilimia 60 hivi, hewa ikiwa kavu mno ule ute unagandia ndani na hautoki tena.

Mama kapiga simu jioni, baada ya shikamoo na habari za nyumbani kaniuliza tena lile swali lake, mwanangu huyo chatu hatokuja kumeza mtu? Kwake chatu ni yule mkubwa wa kwetu anayebeba mbuzi. Nimemuonyesha Korosho kwenye video, kanyamaza kidogo, afu kasema "Masikini, mbona anahema hivo."

Jumanne

Tumetoka hospitali. Nimesafiri naye ndani ya foronya iliyofungwa fundo, foronya ndani ya boksi la foamu, pembeni chupa ya maji moto niliyoifunga taulo isimguse, maana nje barafu na dakika kumi tu kituoni zingetosha kuharibu kazi yote ya juzi. Sio kila daktari wa wanyama anajua nyoka, tafuta anayeshughulika na reptilia hata kama ni mbali, mbwa na paka ni dunia nyingine kabisa.

Daktari ni mama mmoja mtaratibu sana. Kamfungua mdomo kwa kijiti laini, kanionyesha kile kitundu cha hewa kilichopo chini mdomoni mbele ya koromeo, kile ambacho nyoka anakisogeza nje akimeza panya ili asikose pumzi. Cha Korosho kilikua kimevimba, chekundu, na kila kikifunguka uzi wa ute mzito unajitandaza katikati yake. Nimeangalia na nimeelewa kwa nini anainua kichwa.

Kanieleza kitu ambacho nadhani kila mfugaji angetakiwa kukisikia. Nyoka hana kile kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kama sisi, kwa hiyo hawezi kukohoa. Sisi tukiwa na makohozi tunayarusha nje, yeye anapumua kwa misuli ya mbavu tu, na makohozi yanabaki yanashuka chini. Na mapafu yenyewe ni marefu, chatu anayo mawili, la kulia kubwa la kushoto dogo, sehemu ya mbele ndo inayobadilisha hewa, ya nyuma ni mfuko mwembamba tu wa hewa, ute ukishaingia huko nyuma umefika kwenye chumba kisicho na mlango wa kutokea. Ndo maana mafua ya nyoka ukiyaacha yanageuka nimonia na nimonia yake inaua.

Eksirei imeonyesha ukungu pafu la kulia. Wamepitisha mpira mwembamba kwenye kile kitundu, wameingiza salini kidogo, yale maji ya chumvi ya hospitali, wameyavuta tena, hayo yanakwenda maabara kuoteshwa ionekane ni bakteria gani na anakufa kwa dawa gani. Usufi wa mdomoni nao umechukuliwa kupima virusi. Wamempa maji chini ya ngozi. Bili sitaiandika hapa, nimelipa.

Jumanne hiyo hiyo, usiku

Dawa aliyopewa ni seftazidimu, antibayotiki ya sindano. Kwa binadamu hospitalini inatolewa mara kadhaa kwa siku, kwa nyoka ni kila baada ya saa 72, mwili wake unaitoa taratibu mno. Dozi inafuata uzito kwa hiyo mzani lazima, na usije ukamnakili mtu dozi ya nyoka wake, daktari ndo anapiga hesabu. Nimepewa sirinji zimeshajazwa, zinakaa kwenye friza, unatoa moja tu unaishika kiganjani mpaka iyeyuke, ikishayeyuka hairudi tena kwenye baridi.

Kuchoma kwenyewe: sindano inaingia theluthi ya mbele ya mwili, kwenye ule msuli mrefu unaokwenda sambamba na uti wa mgongo, leo kushoto zamu ijayo kulia. Huchomi juu ya gamba, unalaza sindano karibu iwe sambamba na ngozi na unapenyeza ncha kati ya gamba na gamba, kuelekea kichwani. Pale unasikia kidogo kama inakataa halafu inakubali. Mdogo wangu kamshika, mkono mmoja nyuma ya kichwa bila kubana, mwingine umebeba tumbo lote, maana nyoka aliyening'inia anapambana na anayehisi kabebwa anatulia. Korosho kakaza msuli, kaachia. Nimemrudisha kwenye joto na nimezima taa.

Ijumaa

Ratiba imekaa sawa. Asubuhi kabla ya kazi nampeleka kwenye mvuke, jioni tena. Si mvuke wa moto, ni nebulaiza ile wanayotumia watoto wenye pumu, inageuza salini kuwa ukungu mwembamba. Nina boksi la plastiki lenye mfuniko, nimelitoboa tundu la mpira na matundu ya kutokea hewa, naliweka juu ya mkeka wa joto ili ukungu usimpoze, dakika 15 mpaka 20. Ukungu unalainisha ute, ukilainika unapanda wenyewe anapojinyoosha. Akitoka namfuta pembe za mdomo kwa pamba yenye salini, sifungui mdomo, napangusa kilichotoka tu.

Zaidi ya hapo simgusi. Kuna hali ya kutaka kwenda kumwangalia kila saa, kumgeuza, kumshika, na najua inatokana na mapenzi ila kwa nyoka mapenzi hayo ni mzigo. Akishikwa anahema zaidi na pumzi yenyewe hana. Nimefunika vioo vitatu vya tangi kwa kanga, kaingia kwenye kiboksi chake cha kujificha, namsikiliza kwa sikio tu.

Uzito 1,228.

Jumatano

Maabara wamepiga. Imeota Pseudomonas, bakteria wa kawaida kwenye maji na mazingira ambaye anapenda sana mnyama aliyedhoofika, na seftazidimu inamuweza. Kwa hiyo tupo kwenye dawa sahihi. Majibu ya virusi bado.

Daktari kasisitiza kwamba huyo bakteria mara nyingi ni mgeni aliyekuta mlango wazi, lazima tujue nani kaufungua.

Februari mwanzoni

Usiku mbaya. Nimeamka nikasikia ule mluzi umekatika na badala yake kuna sauti ya kugugumia, nimekuta mdomo umefunguka wote, koo linapanda linashuka, pale kwenye kitundu kumeziba kipande cha ute kimekauka cha rangi ya maziwa yaliyoganda. Nimempigia daktari wa zamu, wakati namsubiri apokee nimemuweka kwenye boksi la ukungu, mdogo wangu kamuinamisha taratibu kichwa kikawa chini ya mwili. Kile kipande kikateleza mpaka mdomoni nikakipangusa na pamba. Kakaa vile vile, mdomo wazi, halafu nikaona mbavu zinafunguka mpaka nyuma kabisa, pumzi moja ndefu ambayo sikuwahi kumwona akivuta tangu nimpate.

Asubuhi tulikua mlangoni kwa daktari kabla hawajafungua. Wamemvuta ute, wamempa oksijeni kwenye boksi yenye joto, wamembakiza mpaka jioni. Yule daktari kasema wazi kwamba wapo nyoka ambao wakifika hapa anashauri wachomwe sindano ya kulala moja kwa moja wasiteseke, na Korosho hajafika hapo kwa sababu bado anashika, bado anatoa ulimi, na damu yake inaonyesha ini na figo vinafanya kazi. Nimemuuliza ntajuaje siku hiyo ikifika. Kanijibu akiacha kujigeuza ukimlaza chali. Nyoka mwenye nguvu hata kidogo hakubali kulala chali.

Wiki hiyo hiyo

Mjadala wa chakula umeingia nyumbani. Mdogo wangu anataka apewe panya, mama naye kwenye simu, "Mgonjwa asipokula atapata wapi nguvu mwanangu?" Kwa binadamu ni kweli kabisa, na ndivyo tulivyolelewa, uji kwanza maswali baadaye. Ila chatu wa aina hii mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula na asiharibikiwe, porini ndo maisha yao. Mgonjwa ukimlazimisha panya mzima, kumeza kwenyewe kunabana njia ya hewa, afu tumboni kama nguvu za kusaga hazipo panya anaoza mule ndani, anatapika, na kutapika kwa nyoka kunamwondolea maji na chumvi asizokua nazo. Maji kwanza. Kila siku anakaa kwenye maji ya vuguvugu yasiyozidi nusu ya unene wa mwili, mimi nimekaa hapo hapo, mnyama anayeinua kichwa kutafuta hewa humuachi peke yake majini.

Mama kaelewa. Siku hizi akipiga swali la kwanza ni "mgonjwa wako kaamkaje?"

Februari katikati

Majibu ya virusi yamekuja. Anacho.

Kinaitwa serpentovirusi, zamani walikiita nidovirusi. Watafiti walikieleza kwa mara ya kwanza mwaka 2014 kwenye chatu waliokuwa wanakufa kwa nimonia Marekani na Uholanzi, na kwa ukoo kipo kwenye kundi moja pana na korona, ila ni cha nyoka, hakijulikani kuambukiza watu. Kinakaa kwenye ute wa mdomo na koo, kinakwangua ngozi laini ya njia ya hewa, na hapo ndo kina Pseudomonas wanapata pa kuingilia. Dawa ya kukiua hakuna. Antibayotiki inawafukuza wageni, mwenye nyumba anabaki. Wapo chatu wanaokufa nacho, wapo wanaopona dalili wakaishi nacho huku wanaendelea kukitoa kwenye mate kwa muda mrefu sana.

Nilikaa na simu mkononi nikisoma ile ripoti. Sio habari niliyoitaka. Lakini inanipa kazi iliyo wazi, na kazi iliyo wazi naiweza: joto lisiyumbe, sindano zimalizike, hewa iwe safi, na ule mpaka kati ya vyumba viwili uwe wa kudumu. Glavu mpya kila nikiingia kwake, koleo lake, bakuli lake, vyombo vinaoshwa sabuni kwanza ndo jiki, maana jiki juu ya uchafu haifanyi kitu. Yule wa sebuleni kapimwa, hana, na atapimwa tena baada ya miezi kadhaa maana kipimo kimoja hakitoshi.

Februari mwishoni

Mdomo umefungwa!!

Nimesubiri kuandika mpaka niwe na uhakika. Tangu juzi kila nikipita amelala kichwa kakiweka juu ya mkunjo wa mwili wake, chini, sio ukutani. Tishu nyeupe asubuhi haina doa. Nikiweka sikio karibu na tangi bado kuna kijisauti kidogo akigeuka, ila ule mluzi haupo. Ulimi unatoka haraka haraka, na jana usiku katoka kwenye kiboksi, kazunguka tangi lote, kapanda hadi juu kwenye mfuniko na kushuka. Sindano zimekwisha, nebulaiza tumepunguza iwe mara moja kwa siku.

Na macho yamepata ule ukungu wa bluu, anataka kujivua gamba. Unyevu nimeupandisha kidogo na nimemuwekea kiboksi chenye majani laini yenye maji ndani. Nyoka aliyedhoofika gamba linatoka vipande vipande na kubakia kwenye macho, kwa hiyo hili litanionyesha maji mwilini yamerudi au bado.

Machi

Gamba limetoka zima, kuanzia puani hadi ncha ya mkia, na yale mawili ya macho yamo. Nimelitandaza mezani mdogo wangu kalipiga picha kamtumia mama.

Baada ya hapo nikamjaribu chakula, kwa ruhusa ya daktari. Kipanya kidogo, kidogo kuliko hata anachostahili, kimeyeyushwa kwenye friji usiku kucha, kikapashwa kwenye maji moto ndani ya mfuko, kichwa kikiwa cha moto zaidi maana chatu anawinda kwa joto, vile vishimo alivyonavyo mdomoni juu ndo macho yake ya gizani. Nimekisogeza na koleo, kakinusa muda mrefu sana, mi mkono unatetemeka. Kakidaka, kakizunguka, kakimeza bila kufungua mdomo kutafuta hewa katikati. Hakukitapika. Kilichofuata wiki ya mbele yake nacho hakukitapika.

Uzito leo gramu 1,216, bado yupo chini ya alivyokuja, ila namba imeacha kushuka.

Sahivi tangi limerudi kuwa na upande wa joto 32 na wa ubaridi 27, anachagua mwenyewe, na mara nyingi anachagua joto. Eksirei ya marudio ni Aprili, kipimo cha virusi mwezi huo huo. Nimeshaamua na nimemwandikia daktari kwenye faili lake: Korosho hapelekwi kwa mtu mwingine, hazalishwi, haendi kwenye maonyesho ya reptilia, anabaki chumba hiki na mimi kwa umri aliobaki nao, na chatu hawa kizimbani wanaweza kufika miaka 20 na zaidi. Mdogo wangu anatafuta betri ya akiba ya kuendesha hita umeme ukikatika, tukishaijaribu ntaandika inashika saa ngapi.